Taa ya picha inahitaji anwani, si miguu mitatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niijibu makala mliyoitoa kuhusu upigaji picha za bidhaa, ile iliyowashauri wanaoanza wanunue stendi mbili za taa na miavuli miwili ya kulainisha mwanga, kisha wajihesabu kuwa wana studio. Mengi yaliyomo sina ugomvi nayo. Kilichonifanya nishike kalamu ni pale mwandishi wenu alipopita mbio akisema kwamba kutundika taa kwenye fito zilizokingamana juu ya meza ni mbwembwe za watu wa televisheni, mtu wa kawaida hana haja nazo. Hapo ameteleza, na ameteleza mahali pabaya, kwa sababu wasomaji wake ndio wanaokihitaji kichanja cha fito kuliko hao wa televisheni.

Kazi yangu ni kupiga picha za vitu vidogo: vijiko, miwani, saa za mkononi, pete, chupa za manukato. Picha hizo huingia kwenye katalogi, na katalogi ina ukatili wake. Kijiko nilichokipiga leo kitawekwa ukurasa mmoja na uma uliopigwa mwaka jana, na mteja anataka vionekane vimelala meza moja saa ile ile. Mstari wa mwanga ukikaa juu kidogo kwenye mpini wa kimoja na chini kidogo kwenye mpini wa kingine, ukurasa mzima unaonekana umeokotezwa.

Stendi haiiwezi kazi hiyo. Ikishasogezwa ili mtu afagie, mahali pake pamepotea. Utabandika utepe sakafuni kuonyesha miguu ilipokuwa, sawa, lakini utepe hauwezi kukuambia shingo ya taa ilinyanyuliwa kiasi gani wala kichwa kiliinamishwa vipi. Tena miguu yenyewe hutaka nafasi palepale unapotaka kusimama wewe.

Wanaopiga picha za watu wanaweza kuyavumilia hayo. Taa iliyo mita 2 kutoka kwa mtu ikirudi nyuma sentimita 10, mwanga unaomfikia hupungua kwa asilimia 9 hivi, na hakuna atakayegundua. Taa yangu iko sentimita 40 kutoka kwenye kijiko. Ikirudi nyuma sentimita 10 hizo hizo, zaidi ya theluthi ya mwanga imekwenda. Kanuni ni moja, kwamba umbali ukiongezeka mara 2 mwanga unabaki robo, ila makali yake huyaoni mpaka taa iwe karibu. Kwa hiyo kadiri kitu kinavyokuwa kidogo na taa zinavyosogezwa karibu nacho, ndivyo suala la kuishika taa mahali pake linavyozidi kuwa kubwa. Mwandishi wenu amewapa kichanja wenye ukumbi na kuwanyima wenye meza.

Sasa nikieleze kichanja chenyewe, maana nadhani wengi wakisikia fito juu wanawaza mabomba mazito na ngazi. Changu kimesimama juu ya meza. Nguzo nne kwenye pembe, fito mbili ndefu zinazokwenda kwa urefu wa meza, na juu ya hizo fito fupi tatu zinazokatiza, kila mmoja ukiteleza mbele na nyuma. Kwenye kila ufito wa kukatiza kuna kibano, na kibano hicho kimeshika ufito mwingine ulioning'inia wima. Mwisho wa huo wa wima kuna kiungo cha gololi, na hapo ndipo taa inapokaa. Wanaokumbuka stendi za maabara ya kemia, zile za kushikia chupa juu ya moto, wanavijua vibano hivi, ni vilevile. Taa inakwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, halafu inainama na kugeuka. Miendo mitano, na kila mwendo unafungwa kwa skrubu.

Kila ufito nimeubandika utepe wa kupimia wenye milimita na nimeupa herufi. Taa ikikaa vizuri naandika kwenye daftari: B 42, kati 36, chini 27, inamo 30, yaani ufito B uko alama ya 42, kibano chake alama ya 36, ufito wa wima umeshuka 27, na taa imeinama nyuzi 30. Pembe ya inamo naipima kwa pimamaji ya kwenye simu, nikiilaza simu mgongoni mwa taa. Hiyo ndiyo anwani ya taa. Uma wa mwaka jana una anwani zake, na zikirudishwa, mwanga unarudi na vivuli vyake vyote. Nafikiri watu wengi wanaohangaika kununua taa bora zaidi wangepata faida kubwa zaidi kwa utepe wa kupimia.

Kijiko ndicho mwalimu mkali kuliko vyote. Ni kioo kilichopinda pande mbili, kwa hiyo kinaona chumba kizima. Kijana ninayefanya naye kazi alikiinamia siku moja akasema, "Fundi, kijiko kinatuona." Ni kweli. Ukiangalia ndani ya bakuli lake utakuta dirisha, lenzi kama tundu jeusi, mikono yako, na fito zenyewe zikiwa mistari myeupe. Ndiyo maana fito zinazong'aa hazifai hapa hata kama dukani zinapendeza. Ukizipaka rangi nyeusi isiyong'aa utapata nafuu, lakini vibano vitaikwangua rangi na vumbi lake litamwagikia bidhaa. Mimi nimezivisha mirija ya kitambaa cheusi kwenye sehemu ambazo vibano havipiti, na ninaivuta au kuisogeza kulingana na kazi.

Kati ya taa na kijiko natandika karatasi nyeupe inayopitisha mwanga, imekunjwa upinde na kushikiliwa na fito mbili za chini. Kijiko sasa hakioni taa, kinaona karatasi. Taa ikiwa mbali na karatasi, karatasi yote inakuwa nyeupe sawasawa na kijiko kinabaki bapa, hakina uhai. Taa ikisogezwa karibu, katikati ya karatasi panatokea doa la mwanga linalofifia taratibu kuelekea pembeni, na huko kufifia ndiko kunakokipa chuma umbo. Nalegeza skrubu ya ufito B, natelezesha kutoka 42 kwenda 43. Mng'ao unaondoka shingoni mwa kijiko, unapanda mpini, unafika pale mpini unapopanuka, na ghafla ukingo wote unachorwa kwa mstari mmoja mwembamba ambao haukuwepo. Sentimita moja tu. Mwambie mtu mwenye stendi aisogeze taa sentimita moja kwa mstari ulionyooka bila kubadilisha kimo wala pembe, kisha umwangalie.

Kuhusu fito zenyewe, kuna mambo ambayo wauzaji hawayasemi. Nondo ya ujenzi yenye mistari haifai kwa sababu vibano haviwezi kuteleza juu yake. Tafuta ile laini ya mviringo. Chuma cha unene wa mm 12 kinatosha kwa meza, lakini usiunyooshe ufito mrefu bila nguzo. Ufito wa chuma wa mm 12 wenye urefu wa mita 1, umeegemea ncha mbili, ukipakiwa kilo 1 katikati hushuka kama mm 1. Hilo linavumilika. Uongeze urefu uwe mita 2, mzigo uwe uleule, utashuka mara 8, achilia mbali uzito wa ufito wenyewe. Sababu ni kwamba mshuko hukua kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Unene nao una nguvu zaidi ya watu wanavyodhani: ufito wa mm 16 ni mgumu kupinda zaidi ya mara 3 kuliko wa mm 12. Alumini ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi ya chuma, lakini na ukakamavu wake ni theluthi vilevile. Ukibadilisha chuma kwa alumini ya unene uleule ili kupunguza uzito, umeongeza mshuko mara 3 kwa mzigo uleule. Kama mnataka alumini, chukueni bomba nene kuliko lile la chuma.

Kuna wanaosifu vyuma vya alumini vya pembe nne vyenye mfereji, vile vya kuundia mashine ndogo. Havizunguki, hilo ni kweli. Lakini ukitaka ufito ukatize kwa pembe isiyo nyuzi 90 unaanza kutafuta vipande vya ziada. Kwangu mimi, mviringo unashinda.

Mviringo una adui mmoja tu, kuzunguka. Taa ikining'inia moja kwa moja chini ya ufito haina shida. Ikikaa pembeni, uzito wake unakizungusha kibano taratibu, na asubuhi unaikuta imetazama sakafu. Watu hukaza skrubu mpaka vidole viume. Dawa ni kuangalia mdomo wa kibano. Mdomo bapa unagusa ufito kwa mistari miwili, mmoja kila upande. Mdomo wenye umbo la V unagusa mistari miwili kwa upande wake na ncha ya skrubu inakamilisha wa tatu, na hapo ufito umeshikwa kweli. Usiweke kipande cha mpira katikati ukidhani unaongeza mshiko. Mpira hukubali kubonyea polepole, na kilichokazwa jioni hulegea chenyewe. Kama taa lazima ikae pembeni, ifunge kwa vibano viwili kwenye fito mbili, mambo yameisha. Na juu ya kila kibano kinachoshika ufito wa wima, kwenye ufito huo huo, weka ringi yenye skrubu yake. Skrubu ya kibano ikilegea, ringi inatua juu ya kibano na taa haimuangukii mtu wala bidhaa. Faida nyingine ni kwamba unaweza kulegeza kibano na kuigeuza taa bila kimo chake kubadilika.

Kamera isifungwe kwenye kichanja. Narudia, isifungwe, hata kama kuna ufito mtupu unaokutamanisha. Ukiigusa taa, kichanja chote kinatetemeka, na unapopiga pete kwa karibu kiasi kwamba inajaza fremu, mtetemo usioonekana kwa jicho unaifanya ichapwe mara mbili. Mwenye flashi anaweza kuponea, kwa kuwa mwako wake ni wa muda mfupi mno. Mwenye taa za kuwaka muda wote na shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, iliyo wazi nusu sekunde haponi. Kamera iwe na nguzo yake, imesimama yenyewe, isigusane na meza ikiwezekana.

Taa za LED ndizo zilizokifanya kichanja chepesi kiwezekane. Balbu za zamani za waya zilikuwa zinageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Ukiziweka sentimita 40 kutoka kwenye karatasi unaanza kunusa karatasi. Lakini LED nazo zina hila. Chagua ambazo kifaa chake cha umeme kimetenganishwa na kichwa kwa waya, ukilaze sakafuni, ili ufito ubebe kichwa tu. Taa zote kwenye kichanja ziwe za aina moja na rangi moja, mathalani kelvini 5600 (kelvini ndicho kipimo cha rangi ya mwanga), maana macho yako yatasamehe taa mbili zinazotofautiana, kamera haitasamehe. Na zile za bei ya chini zinazopunguzwa mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka huacha mistari kwenye picha shata ikiwa ya kasi. Zijaribu kabla hujazitundika.

Nisije nikasomwa vibaya na wale watakaosoma barua hii kisha wapande ngazi. Kichanja cha mezani kikianguka kinavunja vikombe. Cha darini ni habari nyingine kabisa. Taa ya kilo 4 ikidondoka kutoka mita 2 juu ya kichwa inafika kichwani kwa kasi ya kilomita 22 kwa saa hivi, na ina kona. Huko juu hutumika mabomba ya mm 48, yale ya majukwaa ya wajenzi, na yanafungwa kwenye boriti au kenchi, kamwe si kwenye jipsamu wala siling bodi, ambazo kazi yake ni kujibeba zenyewe. Kama hujui boriti ziko wapi na zinabeba nini, muite anayejua. Kila taa iwe na waya wa usalama wa chuma uliozungushwa kwenye bomba lenyewe, na waya huo uwe mfupi. Ukiuacha mrefu, taa inapata nafasi ya kushika kasi kabla haijanaswa, na mshtuko wake unaweza kuukata.

Kuna jambo dogo ambalo sijaona likiandikwa popote kwa lugha yetu. Taa nyingi za studio hukaa juu ya kigingi cha mm 16, na kigingi hicho kina shingo iliyopungua unene. Shingo hiyo si pambo. Taa ikiwa imesimama, skrubu ikikosea shingo hakuna baya, uzito unaikalisha. Taa ikipinduliwa kichwa chini, skrubu isipoingia kwenye shingo, kinachoishikilia ni msuguano mtupu. Kabla hujashuka ngazi, ishike taa kwa mikono miwili uivute chini. Ikisogea hata kidogo, bado hujaifunga.

Umeme nao. Kichanja ni chuma kitupu, na waya ukichubuka mahali pamoja tu chuma chote kinaweza kupata umeme, kwa hiyo kiungwe kwenye waya wa ardhi na fundi wa umeme, kiwe cha meza au cha dari. Ekstensheni ya gurudumu ikunjuliwe yote, isitumike ikiwa imejiviringa, maana hupata joto ndani. Nyaya zifungwe kwenye fito kwa kamba za kubandua, na zipewe ulegevu wa kutosha taa inapoteleza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Waya uliovutwa unaisogeza taa, na daftari lako linakuwa la uongo.

Nimalizie na hilo la televisheni. Kutaka kuutawala mwanga kutoka juu ni kiu ya zamani kuliko televisheni. Studio za picha za karne ya 19 zilijengwa na paa la vioo, na chini ya vioo hivyo mapazia yalivutwa kwa kamba ili mpiga picha aamue mwanga uingie wapi na uzibwe wapi. Studio ya sinema ya Thomas Edison kule West Orange, New Jersey, iliyokamilika mwaka 1893, ilikaa juu ya reli ya mviringo: paa likafunguliwa na jengo zima likazungushwa kulifuata jua. Wale walilazimika kukizungusha chumba kwa sababu taa yao haikusogezeka. Sisi taa zetu zinasogea, halafu tunaambiwa kuzitengenezea njia ya kusogea ni mbwembwe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mkichapisha tena somo la picha, kando ya picha muweke mchoro mdogo wa taa zilipokuwa: umbali, kimo na pembe, kwa sentimita na nyuzi. Msomaji atajifunza zaidi hapo kuliko kwenye majina ya kamera. Mnaweza kuanza na lile birika lililopamba makala yenu. Tumboni mwake nimehesabu miavuli miwili, miguu sita ya stendi na mtu mmoja mwenye fulana nyekundu, na ningependa kujua kila mmoja wao alisimama wapi.

Wako msomaji,
Mpiga picha wa vijiko na miwani